Barua kwa mwanangu: Nani anahesabiwa mvutaji?

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli watu wazima wanaotumia vepu, yaani sigara za kielektroniki, sasa ni wengi kuliko wanaovuta sigara, na kama vepu hizo ndizo zilizowatoa kwenye sigara. La kwanza nitalijibu. La pili nitalizungukazunguka, unanijua.

Uingereza, ukiacha Ireland Kaskazini, ni kweli. Takwimu za mwaka 2024 zinaonyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 16 na kuendelea, asilimia 10 wanatumia vepu, kila siku au mara mojamoja, na asilimia 9.1 wanavuta sigara. Ndiyo mara ya kwanza vepu kutangulia. Marekani hawajafika huko: mwaka 2022 wavuta sigara walikuwa asilimia 11.6 ya watu wazima, wa vepu asilimia 6.

Lakini wimbo wangu unaujua: kabla ya namba, swali. Katika uchunguzi wa afya wa Marekani, mtu huulizwa kwanza kama amewahi kuvuta walau sigara 100 maishani. Akisema hapana, kwa hesabu yao si mvutaji, hata kama jana alivuta tatu. Akisema ndiyo, huulizwa kama siku hizi anavuta kila siku, siku kadhaa au havuti kabisa. Kwa vepu kizingiti hicho hakipo. Aliyejaribu hata mara moja anaendelea na swali la pili. Kwa hiyo unalinganisha vitu vilivyopimwa kwa mizani mbili. Wala usijumlishe 11.6 na 6, maana wapo wanaotumia vyote viwili, nao wamehesabiwa pande zote. Na aliyepunguza kutoka sigara 20 hadi moja kwa siku bado anaandikwa mvutaji. Unaweza kuona ameonewa, ila moyo wake unakubaliana na karani: sigara moja kwa siku inabakiza karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo mvutaji wa 20.

Kumtaja aliyepunguza sigara kunanirudisha kwa baba yako mdogo na ule mwaka 2019. Alikuwa ameshahamia vepu kabisa, kikohozi chake cha alfajiri mnakikumbuka kilivyotulia. Zikaja habari za Marekani, watu wanalazwa mapafu yameharibika. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, vifo 68. Chanzo kikuu kilikuja kuonekana ni asetati ya vitamini E, mafuta mazito ambayo wauzaji wa magendo walizimulia mafuta ya bangi kwenye katriji, yaani vichupa vya vepu. Waliopimwa majimaji ya mapafu walikuwa wagonjwa 51; kwa 48 kati yao mafuta hayo yalikutwa. Kimiminika cha kawaida cha nikotini hutengenezwa kwa propilini glikoli na gliserini, hakina haja ya kuzimuliwa na mafuta hayo. Lakini kichwa cha habari kilisema vepu zinaua, basi. Baba yako mdogo akaitupa vepu yake jalalani, na jioni ileile akanunua paketi ya sigara. Maelezo yalipotoka mwezi Novemba, nani aliyasoma? Linaniuma mpaka leo.

Sizitetei vepu. Nikotini inashika, na Marekani vimiminika vya miligramu 50 kwa mililita viliuzwa kwa wingi, wakati Ulaya kikomo ni 20. Mwaka 2023 Wamarekani wa miaka 21 hadi 24 wanaotumia vepu walikuwa asilimia 15.5. Huwezi kuniambia wote hao walikuwa wanakimbia sigara.

Sasa lile la pili. Mwaka 1965 Wamarekani wazima waliovuta sigara walikuwa asilimia 42.4, mwaka 2005, asilimia 20.9. Miaka 40 kupunguza nusu, bila vepu. Kutoka hapo hadi 11.6, miaka 17 tu. Nikitazama kasi hiyo naziona vepu. Kisha najibishana: na kodi je? Na marufuku ya kuvuta ndani ya majengo? Na vijana wasioanza kabisa? Hata mvutaji anayefariki hupunguza asilimia, na hakuna fomu inayoandika kwamba hakuacha, alizikwa. Majaribio ya kitabibu yameonyesha wanaopewa vepu za nikotini huacha sigara zaidi kuliko wanaopewa plasta au jojo za nikotini. Lakini kwenye jaribio kuna mtu wa kukufuatilia, mtaani hakuna. Kabla ya namba, swali. Ukinibana sana nitasema zimesaidia. Usinibane.

Baba yako mdogo akikuuliza, maana najua atapitia kwako, mwambie akihama ahame mzima, asibakize hata ile moja ya baada ya chakula. Koili mpya, yaani ule waya wa vepu unaopasha moto, aidondoshee kimiminika kwenye pamba yake, ajaze tangi, asubiri kama dakika kumi ndipo awashe. Pamba kavu huungua, na moshi wake una aldehaidi, sumu ileile anayoikimbia kwenye sigara. Akisikia ladha ya kuungua aache hapohapo, abadilishe koili. Na katriji isiyojulikana ilikotoka asiiguse.

Baba yako