Dada yako asipasuliwe hiyo Jumamosi

Mkuu, ahirisheni hiyo Jumamosi. Umeandika kuwa dada ana miaka 56, hedhi ilishakoma, ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ovari wenye sehemu ngumu ndani, na tumboni kuna maji. Halafu daktari wa hapo mtaani anasema ni "uvimbe wa maji tu", atautoa kwa bei nafuu. Dalili hizo zinaweza kuwa za saratani ya ovari. Mama yetu aliambiwa hivyo hivyo.

Alipasuliwa. Uvimbe ukapasukia tumboni, vilivyomo vikamwagika. Daktari akatoka na beseni, akatuonyesha mabaki, akatupa hongera. Kinyama hakikupelekwa maabara, kilitupwa! Kadi ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja: uvimbe umetolewa. Tumbo lilipojaa tena tukakimbilia hospitali ya rufaa, swali la kwanza likawa: majibu ya kinyama yako wapi? Hatuna. Ikabidi achukuliwe kinyama kingine, kisha apasuliwe tena. Mpaka leo nikimkumbuka yule daktari damu inanichemka. Kama hujui, andika rufaa! Ni karatasi tu.

Saratani ambayo bado imefungika ndani ya ovari moja ni hatua ya 1A. Uvimbe ukipasuka mikononi mwa daktari inahesabiwa 1C, na mtu ambaye pengine upasuaji peke yake ungemtosha anaongezewa kemo, yaani dawa za kuua saratani. Mtaalamu wa saratani za wanawake huutoa mzima, pamoja na kizazi, mirija, ovari zote mbili na ule utando wa mafuta tumboni, na hujitahidi asibakize hata punje. Kinachobaki tumboni ndicho kinachoamua mengi kuhusu maisha ya mbele.

Kama imeshasambaa, na hayo maji yananitia wasiwasi, mara nyingi wanaanza na kemo mizunguko 3, wanapasua, wanamalizia na mingine 3: dawa za karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3. Wengi hupata nafuu kubwa, ingawa mara nyingi hurudi na kutibiwa upya.

Wala wasikutulize kwa CA-125, kile kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ovari, ikiwa sawa. Karibu nusu ya walio hatua ya kwanza hawaonyeshi kitu kwenye kipimo hicho.

Uko Dar, dai rufaa ya hospitali ya Muhimbili au ile ya saratani, Ocean Road. Bebeni picha zenyewe za ultrasaundi, si karatasi ya majibu peke yake. Wakishampangia tarehe niandikie hapa, tuongee habari ya gharama na vyakula.