Akida, legioni na Kaisari: maneno ya Roma kwa Kiswahili

SWALI: Natafsiri kitabu cha historia ya Roma kwa wanafunzi wa sekondari. Mhariri amekataa neno "akida" kwa ofisa wa jeshi la Kirumi, akisema akida alikuwa mtumishi wa serikali ya Wajerumani. Pia "legioni" amezigeuza kuwa "majeshi", na "Kaisari" amemfanya "mfalme". Nifuate lipi?

JIBU: Usikubali akida aondolewe. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kamanda. Pwani lilikuwa cheo cha mtu wa vita kabla Wajerumani hawajampa akida kazi ya kusimamia majumbe wa vijiji. Biblia ya Kiswahili inatumia maana hiyo ya kale: Kornelio, katika Matendo 10, ni "akida wa kikosi kilichoitwa Kiitalia". Wingi wake ni maakida, na upatanisho ni wa watu: maakida walipanga zamu.

Linaloponza wafasiri ni maelezo yanayofuata. Ukiandika "akida, yaani mkuu wa askari mia", unafuata asili ya jina lake la Kilatini, *centurio*, lakini hesabu itakuumbua. Enzi za Makaisari senturia ya kawaida, chini ya akida mmoja, ilikuwa na askari wapatao 80, yaani makundi 10 ya watu wanane wanane waliolala hema moja na kula pamoja. Senturia sita zilifanya kohorti ya watu 480. Kohorti 10 zilifanya legioni ya watu kama 5,000. Mwanafunzi atakayezidisha mia kwa sita kwa kumi atapata 6,000, na jedwali lako litampinga.

Akida aliishi karibu na askari wake, kwa hiyo usimpandishe cheo ukamwita jenerali. Alama ya cheo chake ilikuwa fimbo ya mzabibu, naye aliitumia. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anamtaja akida Lucilius, ambaye askari walimpa jina la "Lete nyingine", kwa kuwa kila alipovunja fimbo mgongoni mwa mtu aliagiza nyingine. Walimuua katika maasi ya jimbo la Pannonia, mwaka 14 BK.

Kuhusu "majeshi", mhariri ana hoja: Mathayo 26:53 inasema "majeshi kumi na mawili ya malaika", na mahali hapo asili ni legioni. Katika historia, hata hivyo, neno hilo linapotosha. Mwaka 9 BK kamanda wa Kirumi Varus alipoteza legioni tatu katika msitu wa Teutoburg. Andika "majeshi matatu" na msomaji atadhani dola tatu zilishindwa vitani, ilhali Roma ilikuwa na jeshi moja lenye legioni 28, zikabaki 25. Legioni ipatanishe kama nyumba: legioni moja, legioni mbili zilivuka. "Malegioni" haina kazi.

Kohorti waweza kuiita kikosi, kama Matendo 10 inavyofanya, mradi usiite kikosi tena legioni na senturia. Senturia ibaki senturia. "Kombania" inakaribia kwa idadi, lakini inamleta askari wa leo mwenye bunduki.

Cheo kingine cha kuangalia ni tribuni. Matendo 21 inamwita jemadari, na msikilizaji wa leo anaelewa mkuu wa jeshi zima, ilhali kila legioni ilikuwa na tribuni sita chini ya legati, mkuu wa legioni. Jemadari mpe legati.

Kwa Kaisari, mhariri amekosea. Kwa mapokeo yao Warumi walifukuza wafalme mwaka 509 KK, na tangu hapo kumwita kiongozi mfalme kulikuwa kumtuhumu. Augustus, Kaisari wa kwanza kutawala dola, alijihadhari sana na jina hilo. Alikubali kuitwa Augustus mwaka 27 KK, akawa kuhani mkuu mwaka 12 KK, na alitumia jina la imperator, ambalo askari walimpigia kelele kamanda aliyeshinda. "Amirijeshi" inalifaa vizuri. Kweli, Yohana 19:15 ina "Sisi hatuna mfalme ila Kaisari", lakini hao ni watu wa mashariki, ambako Kaisari aliitwa mfalme bila haya. Basi "mfalme" liache katika vinywa vyao tu.

Maneno mawili ya ibada kambini nayo yanahitaji uangalifu. *Sacramentum* ya askari ni kiapo. Ukiandika "sakramenti", Mkatoliki atafikiria ubatizo. Kiapo hicho kwa Kaisari kilirudiwa kila mwaka: tarehe 1 Januari mwaka 69 BK legioni mbili za Mto Rhine zilipokataa kumwapia Kaisari Galba, uasi ulikuwa umeanza. Na *aquila* usiiite bendera. Ilikuwa sanamu ya tai ya madini juu ya mti, ikitunzwa katika hekalu dogo ndani ya kambi. Bendera ya kitambaa walikuwa nayo, *vexillum*, na hiyo ndiyo utakayoiita bendera.