Laini mbili, moja imejaa nyingine imelala: kabla hujanunua ya tatu

Mkuu, umesema kati ya laini zenu mbili za gigabiti 10, moja inagonga 95% kila usiku na nyingine haivuki 20%, unauliza kama mnunue ya tatu. Subiri kwanza.

Kwa kawaida ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, haipeleki pakiti (kipande cha data) moja huku na nyingine kule. Ingefanya hivyo zingefika shaghalabaghala, TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data, idhani zimepotea na kupunguza mwendo. Kwa hiyo inachukua anwani za IP za pande zote mbili, itifaki na namba za poti (zinazotofautisha miunganisho ya mashine moja), inapiga hesabu, na jibu ndilo linaloamua njia. Muunganisho mmoja haubanduki kwenye laini yake. Watumiaji wakiwa maelfu, mzigo unajigawa wenyewe. Ikiingia bakapu nene ya seva moja kwenda nyingine kwa muunganisho mmoja, yote inalalia upande mmoja. Kwa dalili ulizoeleza, nashuku ni hiyo.

Washa NetFlow au sFlow (zana za ruta za kuorodhesha nani anatuma nini), chukua saa ileile ya msongamano, panga miunganisho kwa ukubwa. Ukimpata mlafi, mwambie mtu wa seva aigawe bakapu kwenye miunganisho mingi yenye poti tofauti. Ila hakikisha ruta zenu zinatumia na namba za poti kwenye hesabu hiyo. Nimekuta zinazotazama anwani peke yake, na hapo kugawa hakusaidii kitu.

Grafu ya wastani wa dakika 5 usiiamini sana. Inaweza kuonyesha 60% huku ruta inatupa pakiti kwenye laini hiyo kila sekunde chache. Soma kaunta ya pakiti zilizotupwa. Wala usikimbilie kuongeza bafa (kumbukumbu ambamo pakiti hupanga foleni): tangu kazi ya mtafiti wa mitandao Van Jacobson ya 1988, TCP ya kawaida hujua njia imejaa pale pakiti zinapopotea. Bafa kubwa inachelewesha habari hiyo, na simu za sauti zinaumia kwenye foleni.

Kinachonitisha zaidi ni jumla yenu: 95 na 20 ni 115, yaani 115% ya laini moja. Laini moja ikikatika usiku, iliyobaki haibebi. Iwekeni bakapu kwenye daraja la chini la QoS (mpangilio wa nani apite kwanza) ili isubiri wengine wapite. Kama hata bila bakapu jumla inazidi laini moja, hapo nunueni.

Kama mnatumia OSPF (itifaki ya ruta kuambiana njia) na vipima muda vya kawaida, ruta inaweza kuchukua sekunde 40 kugundua jirani amekufa. Wekeni BFD, ambayo ruta hupigiana ishara za haraka kuhakikisha mwenzake yuko hai. Anzeni na ishara kila milisekunde 300, zikikosekana 3 mfululizo jirani ahesabiwe amekufa; mkiibana kupita kiasi kwenye ruta yenye prosesa dhaifu, laini nzima itakuwa inapanda na kushuka bila sababu.