Babu kaacha Peugeot 404 ya kijivu, mjukuu anaitaka nyeusi: maswali yenu ya rangi

Mwezi huu sijui Tanga kunani, maana maswali yote niliyoyachagua yanatoka huko na yote ni ya rangi za magari ya zamani. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yako mambo wengi mnayauliza vipande vipande, mengine nitapita haraka.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mie niko Chumbageni. Babu yetu alifariki akatuachia Peugeot 404, ile yenye mapezi nyuma na gia ya usukani, injini inawaka poa kabisa shida ni rangi. Ni ya kijivu ila imepauka na kuna sehemu imevimbavimba, pembeni ya kioo cha mbele na chini ya milango. Naitaka nyeusi ya kung'aa, niwe naikodisha kwenye maharusi. Nimepata fundi Ngamiani kasema ananipulizia nje tu siku mbili nakuja kuchukua gari. Sasa shangazi amegoma, anasema rangi ya babu isiguswe, na baba mdogo anasema nyeusi kwa Tanga ni kujitafutia tabu. Nani yuko sahihi, na je gari ya zamani ukiibadilisha rangi inashuka thamani? – Mjukuu, Chumbageni

JIBU: Marahaba mjukuu. Niseme mapema, mie sina ugomvi na nyeusi, ugomvi wangu ni hiyo "nje tu siku mbili". Kurudishia rangi ileile na kubadilisha rangi ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukirudishia kijivu juu ya kijivu, fundi anaweza asiguse ndani ya milango wala ndani ya buti na hakuna atakayejua. Ukienda nyeusi, bwana harusi akifungua tu mlango anakutana na kijivu kwenye fremu, akifungua buti aweke begi kijivu, ukiinua boneti kijivu, na chini ya raba za vioo kutabaki kamstari ka kijivu kwa sababu fundi alibandika tepu badala ya kutoa raba. Hapo gari inaonekana ya wizi, samahani shangazi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi sio atapuliza siku ngapi, muulize atafungua nini. Vitasa, taa zote, bampa, ile mistari ya kromu ya pembeni, vioo vya mbele na nyuma pamoja na raba zake, makapeti, paneli za milango, vyote vitoke. Milango na boneti ikitolewa kabisa ndo vizuri zaidi. Piga picha kila kitu kabla hakijatolewa na kila skrubu iingie kwenye kimfuko chake kimeandikwa jina, maana raba na vile vikamatio vya kromu vya 404 hupati dukani pale barabara ya kumi na tatu, ukivipoteza utatafuta mpaka uchoke. Kupuliza kwenyewe ni kazi ya masaa, kufungua na kusugua ndo kunakula wiki, na hela yako nyingi itaishia hapo wala sio kwenye rangi.

Sasa hayo mavimbe. Mjukuu hayo sio matatizo ya rangi hayo ni kutu inapumua chini, na Tanga kutu haina likizo, upepo unatoka baharini na chumvi yake unalala kwenye gari usiku kucha. Ukipaka juu ya chumvi, hata isiyoonekana kwa macho, itavuta unyevu kupitia rangi na baada ya miezi unaona malengelenge yamerudi palepale. Gari ioshwe kwa maji baridi mengi ya bomba, chini pia na ndani ya fenda, kabla msasa haujagusa kitu, ukianza na msasa unaisugulia chumvi ndani ya bati. Halafu chukua kisumaku kidogo pita nacho chini ya milango na kwenye vizingiti, pale kisiposhika ujue kuna puti nene, ile ya kujazia mabonde ya bodi, na 404 haina chesesi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi yenyewe ndo inabeba gari, vizingiti vikioza gari inalegea katikati. Hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya, sio kujaza puti. Puti ni ya kusawazisha tu, ikizidi milimita 3 hivi mie naanza kuuliza maswali.

Baba mdogo anayo pointi yake. Nyeusi inaonyesha kila kitu, bati likiwa na mawimbi kidogo tu utayaona yote jua likipiga, wakati kijivu na nyeupe zinaficha. Inashika joto pia, na vumbi na matone ya maji ya chumvi yakikauka juu yake yanabaki alama nyeupe. Ukitaka nyeusi ya harusi basi jua unalipia unyooshaji wa bodi kuliko mtu wa nyeupe, na utaiosha mara kwa mara na kuifuta kwa kitambaa laini, sio lile tambara la kupigia deki. Ila kusema haiwezekani Tanga hapo kazidisha.

Mpangilio wa msasa usikubali uruke. Namba 80 ya kutoa kutu na kushusha puti, 180 kufuta mikwaruzo ya 80, 320 kabla ya praima, yaani ile rangi ya chini ya kushikia, halafu praima ikikauka unaingia na msasa wa maji 600 au 800 kabla ya rangi. Fundi akitoka 80 akaenda moja kwa moja kwenye praima, praima itajaa kwenye mistari, utaona bodi laini siku ya kwanza, baada ya mwezi rangi ikishakaa vizuri mistari inarudi yote. Na usuguaji wa rangi ya zamani ufanyike kwa maji, sio kavu, kwa sababu rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na risasi na vumbi lake ni sumu, watoto wasicheze hapo karibu.

Aina ya rangi. Mafundi wengi watakuambia sintetiki kwa sababu ni rahisi, lakini inakauka polepole sana na Tanga kwa vumbi na wadudu wa jioni utapata gari yenye mbu. Ile ya NC, yaani nitroselulosi, inakauka haraka na inang'arishika vizuri ila kwenye hewa yenye unyevu inafanya ukungu mweupe: thina inapopaa inapoza bati, unyevu wa hewani unaganda juu ya rangi mbichi. Kwa gari utakayoitumia kibiashara mie ningechukua ya tuu-kei, ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, inavumilia jua na mafuta. Kama unataka ionekane ya kizamani kweli chukua nyeusi ya moja kwa moja bila klia juu, yaani lile koti la mwisho lisilo na rangi, 404 ilitoka mwaka 1960 na rangi za kawaida za wakati ule hazikuwa na kile kioo cha klia cha magari ya sasa. Na nyeusi ya bila klia unaweza kuisugua na msasa wa maji 1500, halafu 2000, ukamalizia na polishi, inakuwa na kina fulani ambacho klia haikupi, sijui niielezeje ukiiona utaelewa.

Lakini hadina ya tuu-kei ina kemikali zinaitwa aisosayaneti ambazo zinaweza kumpa fundi pumu ya kudumu, na barakoa ya korona au kanga iliyofungwa mdomoni hazizuii chochote. Fundi avae kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa safi kwa mpira kutoka nje, macho na ngozi vifunikwe, na wewe usisimame mlangoni kuangalia. Kama gareji haina kifaa hicho tafuta gareji nyingine au chagua rangi nyingine, mie hapo sina mjadala.

Hali ya hewa: masika, Machi mpaka Mei, usithubutu. Januari na Februari kunakuwa kukavu zaidi, na Juni kwenda Septemba sio mbaya japo kusi inaleta upepo. Pulizeni asubuhi umande ukishakauka, saa tatu mpaka saa tano, kabla upepo wa bahari haujaamka na vumbi lake. Kompresa iwe na kichujio cha maji na imwagwe maji kabla ya kuanza, kompresa ya pwani inajaa maji haraka kuliko fundi anavyodhani. Na rangi yote ichanganywe siku moja, sedani ya ukubwa ule inakula lita 3 mpaka 4 ukiweka na ndani ya milango, usinunue lita mbili ukasema utaongezea. Nyeusi ina unafuu kwenye kulinganisha, ila ungekuwa unapaka metaliki ukachanganya mara mbili ungeona milango ni ya gari nyingine.

Shangazi sasa. Kuhusu thamani anasema kweli kwa kiasi, mnunuzi wa magari ya zamani anapenda rangi iliyotoka kiwandani, na 404 ni gari yenye jina huku kwetu, ilishinda Safari Rally 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Ila mnunuzi huyohuyo akiona rangi asili imeoza na kutu haongezi hata shilingi. Rangi nzuri mpya nyeusi iliyofanywa kikamilifu inashinda kijivu cha kiwandani kilichovimba, na kijivu cha kiwandani kinashinda nyeusi ya siku mbili, hiyo ndo ngazi yenyewe. Ningekuwa wewe ningeangalia chini ya makapeti na nyuma ya dashibodi ambako jua halijafika, huko utakuta kijivu cha babu kikiwa kizima. Mwite shangazi akione. Yawezekana mkikiona wote mkaamua kukirudisha, na gari ya kijivu safi yenye kromu inayong'aa haiaibishi harusi yoyote, tena kazi inapungua. Mkiamua nyeusi, sehemu moja isiyoonekana, tuseme nyuma ya kiti cha nyuma, acheni na kijivu chake, anayekuja baadaye ajue gari ilikuwaje.

SWALI: Mjomba habari, nina Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa nyekundu, nikaipaka nyeupe, baada ya wiki chache imekuwa kama pinki. Fundi anasema niongeze koti jingine. Niongeze? – Wa Pongwe

JIBU: Usiongeze, utapata pinki nene. Baadhi ya rangi nyekundu za zamani zinavuja, thina ya rangi mpya inaziyeyusha zinapanda juu. Shusha hiyo nyeupe, weka sila au praima ya epoksi ya kufungia nyekundu, jaribu kwenye kipande kidogo ukisubiri siku kadhaa, ikibaki nyeupe ndo uendelee. Na kwa kuwa unaifungua tena, fenda za gari hiyo zinafungwa kwa bolti, zitoe zote nne na ubadilishe zile raba za katikati badala ya kupaka juu yake, nimeona nyingi zimepakwa na raba na zinapasuka vibaya. Kama yako ni ya zamani yenye dashibodi ya bati, hiyo nayo ni sehemu ya rangi ya bodi, naamini bado umeiacha nyekundu.

SWALI: Kaka, Land Rover Siriz III ya shamba la mkonge la zamani, nataka kuitoa kwenye kijani niipake rangi ya mchanga. Nikipaka rangi inabanduka kama ganda la yai kwenye fenda ila kwenye fremu ya mbele inashika. Kwa nini? – Muheza

JIBU: Kwa sababu fenda, milango na paneli nyingi za hiyo gari ni aluminiamu, fremu ya mbele inayobeba kioo na chesesi ni chuma. Praima ya kawaida haishiki aluminiamu tupu, unatakiwa praima ya asidi, ile nyembamba inayong'ata, ndo unafuata na praima ya kawaida. Isugue kwa mkono wa taratibu, aluminiamu ni laini, diski ya grainda itakuchimbia mashimo. Pale aluminiamu inapokutana na bolti za chuma angalia unga mweupe, hiyo ni kutu ya aluminiamu inayoletwa na metali mbili kugusana penye unyevu wa chumvi, safisha, paka praima pande zote na weka washa za plastiki au raba katikati. Rangi ya mchanga ni chaguo zuri, haionyeshi vumbi.

SWALI: Nikibadilisha rangi ya gari trafiki atanisumbua? – Makorora

JIBU: Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kadi ikisema bluu na gari ni kijani anayo haki ya kukuuliza. Nenda TRA kabla ya kupaka uwaulize utaratibu wa kubadilisha taarifa na ukaguzi unafanyika wapi, tunza risiti ya gareji, piga picha gari kabla na baada. Kadi ikiwa bado ina jina la marehemu, kama ninavyohisi kwa mjukuu wa Chumbageni, mambo ya mirathi na umiliki yaanze kwanza ndo rangi ifuate. Na kampuni ya bima wapelekee taarifa ya rangi mpya kwa maandishi.