Filamu fupi za Waafghani: nimejibu maswali yenu

Wiki iliyopita nilisema kwa kupita tu kwamba nimekesha naangalia filamu fupi za Afghanistan, basi meseji zikamiminika. Nimechagua chache, zilizobaki mnisamehe.

Mi bando langu la kuungaunga, nianze na ipi? (Mwanza)

Anza na Three Songs for Benazir ya 2021, dakika 22 tu, ipo Netflix. Wameitengeneza mtu na mkewe, Gulistan na Elizabeth Mirzaei, Gulistan ndo Mwafghani na mwenyewe keshawahi kuishi ukimbizini. Usitegemee mabomu. Kuna kijana anaitwa Shaista, anaishi kambi ya waliokimbia vita pale Kabul, vibanda vya udongo, kaoa juzijuzi tu na hela hana, basi anamwimbia mkewe na mke anacheka, na huku juu angani linaelea puto jeupe la jeshi la kigeni linawachungulia wote. Hilo puto mi sikulisahau. Manake hakuna anayelishangaa, lipo tu kama vile sisi tulivyozoea minara ya simu. Shaista anataka kuingia jeshi la nchi yake, wazee wa kwao hawataki, na hapo ndo shughuli inapoanzia. Mwisho sikwambii. 2022 iliingia kwenye Oscar upande wa dokumentari fupi, haikuchukua.

Na ile ya watoto wawili na farasi, Buzkashi Boys, si ndo ya Waafghani yenyewe? (Nairobi)

Hapa nitawaudhi watu. Dairekta wake ni Mmarekani, Sam French. Ni filamu ya 2012, kama nusu saa hivi, watoto wawili maskini wa Kabul wanaota kuwa wachezaji wa buzkashi, ule mchezo wa wapanda farasi kugombania mzoga wa mbuzi. Nzuri, sikatai, theluji imepigwa picha vizuri mpaka unasikia baridi ukiwa umekaa zako Kariakoo. Ila kuna sehemu naona kama postikadi, kama mtu anayependa sana mahali ambapo hakuzaliwa.

Ila tusimnyime haki yake, mradi wenyewe ulikuwa pia wa kufundisha vijana wa Kiafghani kazi, yaani kushika kamera, sauti, taa, walijifunza palepale lokesheni. Na mmoja wa wale watoto, Fawad Mohammadi, kabla ya hapo alikuwa machinga wa barabarani, anawauzia wazungu bidhaa ndogondogo pale Chicken Street, mtaa wa Kabul. Mapema 2013 akajikuta Hollywood kwenye Oscar. Kwa hiyo jibu langu ni nusu na nusu, jikoni walikuwemo Waafghani ila mwiko haukuwa mkononi mwao.

Kwa nini wanang'ang'ania fupi? Si watengeneze muvi kamili? (Dodoma)

Hela kaka, na usalama. Filamu ndefu inataka wiki nyingi barabarani, watu wengi, magari, kila mtu anajua mnapiga nini na wapi. Fupi mnaingia asubuhi mtaa fulani mnapiga mnaondoka kabla hawajaanza kuulizana nyie ni nani. Dairekta wa Kiafghani, Shahrbanoo Sadat, alianza na fupi, Vice Versa One ya 2011, ikafika tamasha la filamu la Cannes akiwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Baadaye alipotaka kutengeneza filamu ndefu ya kijiji cha wafugaji milimani kwao, Wolf and Sheep ya 2016, ilibidi akaipigie Tajikistan, nchi jirani! Yaani kijiji cha Kiafghani, watu wa Kiafghani, ila kijiji kimejengwa upande wa pili wa mpaka sababu nyumbani hakukaliki. Sasa we fikiria bajeti hiyo.

Dada, wanawake wapo au ni wanaume tu? (Tanga)

Wapo tena wengi kuliko unavyodhani, na mimi naona kazi zao ndo zenye moto. Madairekta Roya Sadat na mdogo wake Alka, watu wa Herat, walianzisha kampuni yao ya filamu 2003, Taliban wameondoka juzi tu. Diana Saqeb Jamal ana filamu fupi inaitwa Roqaia, ya 2019, ilionyeshwa tamasha la filamu la Venice. Inamhusu binti wa miaka 12 aliyenusurika kwenye mlipuko wa kujitoa mhanga, halafu waandishi wa habari wanamzonga. Hiyo niliirudia mara mbili, manake filamu nyingi zingetupeleka kwenye mlipuko wenyewe, yeye kakaa na yule mtoto baada ya moshi, anatazamwa na kamera za watu wengine, na we mtazamaji unajishtukia kwamba na we unamtazama.

Halafu kuna Sahraa Karimi, kasoma sinema mpaka PhD kule Slovakia, 2019 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Afghan Film, shirika la filamu la serikali lililokuwepo tangu 1968. Tarehe 15 Agosti 2021, siku Taliban wanaingia Kabul, alikuwa benki kutoa hela. Akaambiwa ondoka, akatoka mbio na simu mkononi anajirekodi, mtandio unateleza, anahema, anawaambia watu wanakuja. Video ikazunguka dunia nzima. Si filamu, najua, ila mi nimeiweka kundi moja na hizi fupi.

Na sasa hivi wako wapi hao? (Kampala)

Wametawanyika. Shahrbanoo yuko Ujerumani, Hamburg. Karimi alipitia Ukraine. Na we wa Kampala unakumbuka Agosti ile ile Waafghani 51 waliokimbia nchi yao walitua Entebbe. Waliobaki nyumbani wanapiga filamu kimyakimya, wanawake hasa, na simu. Na mchezo wa kuficha wanaujua zamani, kipindi cha kwanza cha Taliban wafanyakazi wa Afghan Film walijenga ukuta wa uongo wakaficha maelfu ya filamu nyuma yake, na hawakugundulika.

Kwani simu inatosha kweli? Mi nina hii tu. (Mombasa)

Dairekta wa Kiafghani, Hassan Fazili, alipiga Midnight Traveler kwa simu tatu, yeye na mkewe na mabinti zao wanakimbia kwa miguu na magari mpaka Ulaya baada ya Taliban kumtaka roho. Ni ndefu hiyo, ya 2019, ila somo lake linakufaa. Kuna mahali binti yake mdogo anapotea usiku, wanamtafuta vichakani, na baba anakiri kwamba kwa sekunde moja aliwaza hili tukio litafaa sana kwenye filamu. Akajichukia, akaichukia na sinema yenyewe. Hilo tukio hakulipiga, anatusimulia kwa sauti tu. Kwa hiyo simu yako inatosha, swali ni lini utaizima.

Zimetafsiriwa na wale madijei wetu? (Mbagala)

Hahaha hapana, na naomba wasijaribu. Wanaongea Kidari, Kipashto, wengine Kihazaragi, utasoma maandishi ya chini. Nyingine zina ukimya mrefu, dijei angeujaza wote.