Mpox mtaani: mtoto aende shule au asomee kwa simu?

Mama unayeishi Kadutu, unauliza kama binti wa darasa la tano abaki nyumbani asome kwa WhatsApp mpaka ugonjwa wa vipele wa mpox upungue hapa Bukavu. Mimi ningemwacha aende shule.

Mpox si kama Korona. Huambukizwa hasa kwa kugusana ngozi na mgonjwa, au kutumia shuka na nguo zake. Umesema watoto wanalala watatu kitanda kimoja. Hapo nyumbani usalama uko wapi? Na hiyo simu ni ya baba yao, anatoka nayo asubuhi, anarudi usiku mega zimekwisha. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, Radio Okapi ilitoa masomo hewani, kazi nzuri kabisa, ila redio haiulizwi swali.

Kila asubuhi kabla ya yunifomu, mkague: uso, mdomo, viganja, nyayo. Ukiona vipele au homa, asiende, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na alale peke yake, hata kama ni kwenye mkeka. Arudi darasani magamba yote yakishadondoka na ngozi mpya kuota. Siku hizo ndizo za WhatsApp: mwombe mama wa mwenzake apige picha za daftari.