Mfungo wa Jumatano wa mtu mwenye kazi, watoto na jiko

Mtu anaweza kushinda na njaa tangu alfajiri hadi magharibi, akapiga kazi zake kama kawaida, akachati, akazozana na kondakta, jioni akala na kulala. Huyo hajafunga, ameruka milo tu. Kwa hiyo kabla hujapanga utaacha kula nini, panga utaomba saa ngapi. Muda ambao ungeutumia kupika, kula na kuosha vyombo, ndio uliouweka wakfu; usipoupa kazi, simu itaupokea kwa furaha.

Mimi hufunga Jumatano. Siku hiyo ina historia ndefu: Wakristo wa karne za mwanzo walifunga Jumatano na Ijumaa, na ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia wanaendelea na desturi hiyo mpaka leo. Ila sababu yangu ni ya kawaida zaidi. Ofisini kwetu Jumatano hakuna vikao, na Ijumaa nyumbani kuna pilikapilika nyingi. Chagua siku ambayo maisha yako yanairuhusu, kisha uishike hiyohiyo. Januari makanisa mengi hutangaza mfungo wa siku 21, na mimi hushiriki, lakini nikiulizwa kipi kimenijenga, nitataja siku moja ya kila wiki, mwaka mzima. Wiki ya pili ya ile Januari wengi wetu huwa tumebaki na uchovu tu, maombi yamekwisha.

Chakula cha mwisho ni cha Jumanne usiku. Jumatano naamka saa kumi na moja, watoto wakiwa bado wamelala, nasoma zaburi moja kwa sauti ya chini na kuomba kwa kuifuata. Sisubiri kusikia hamu. Ukiwa na usingizi na maneno hayaji, zaburi inakupa maneno. Jioni tunaomba pamoja na watoto kwa dakika chache kabla ya kukaa mezani.

Lakini kiini cha siku ni saa ya mchana. Wenzangu wanapoelekea kwa mama ntilie, mimi navuka barabara kwenda kanisani. Makanisa mengi ya katikati ya mji huwa wazi mchana, na mengine yana maombi ya saa hiyo. Simu naizima kabisa. Mkobani nina kaunta buku. Ukurasa wa kushoto naandika ombi na tarehe, wa kulia nauacha mtupu. Likitokea jambo naliandika upande huo, hata kama si lile nililoliomba. “Bwana ibariki familia yangu” haliingii humo. Yanaingia ada ya muhula wa pili, figo za mjomba, ule mgogoro wa kiwanja, binamu ambaye hapokei simu zetu. Na hayazidi matatu kwa siku moja. Ukiorodhesha ishirini, utakuwa unasoma orodha.

Katika hili mwalimu wangu ni Nehemia wa Biblia, Myahudi aliyemtumikia mfalme wa Uajemi. Aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Hiyo ilikuwa mwezi wa Kisleu wa kalenda ya Kiyahudi. Alipopata nafasi ya kusema na mfalme ilikuwa Nisani, karibu miezi minne baadaye. Na tazama alivyojibu alipoulizwa anataka nini: ruhusa ya kwenda, muda atakaokaa, barua kwa maliwali, yaani watawala wa majimbo, wa ng'ambo ya Mto Frati, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango. Mtu huyo alikuwa ameomba mpaka akajua idadi ya barua anazohitaji! Mfungo ukienda vizuri, ombi lenyewe hunyooka. Unaanza ukiomba “kazi”, na baada ya wiki kadhaa unajua ni kazi gani, na nani wa kumfuata Alhamisi asubuhi.

Sasa jikoni. Wanaume wengi wanaofundisha habari za mfungo hawapiki, nadhani ndiyo maana hawaligusi hili. Watoto hawajafunga, saa kumi na moja jioni kitunguu kinaanza kunukia kwenye mafuta na tumbo linaunguruma. Mchuzi naupika, lakini chumvi anaonja binti yangu, na anaifurahia sana kazi hiyo. Chagua pishi lisilokuhitaji muda mrefu: maharage yaliyochemshwa tangu jana yaungwe tu, ugali usongwe mwishoni.

Hapohapo jikoni ndipo Isaya 58 inapouma. Nabii anawaambia watu wanaofunga kwamba siku hiyohiyo ya mfungo wanawalemea wanaowafanyia kazi. Nikisoma pale namwona dada wa kazi. Njaa ya saa tisa alasiri ina hasira, na hasira hiyo hutafuta mtu asiyeweza kujibu. Kama nimefunga halafu dada wa watu anatembea nyumbani kwa kunyata, mfungo huo umeshaharibika, hata ningekesha nikinena kwa lugha. Sura hiyohiyo inataka mwenye njaa agawiwe chakula. Pesa ya sahani ya wali maharage, elfu mbili au tatu, isibaki mkobani. Kuna mlinzi, kuna mtoto wa jirani.

Yesu alisema ukifunga jipake mafuta kichwani na unawe uso, watu wasijue. Ofisini si rahisi, maana Mtanzania akila lazima akukaribishe. “Mbona huli?” Mimi hujibu, “Nitakula baadaye,” na ni kweli, nitakula. Sina haja ya kusingizia tumbo. Mgeni akija nyumbani kutoka mbali, nakula naye na kufunga kesho yake. Kumkalia shangazi mezani huku sahani yako tupu ni tangazo kubwa kuliko la kipaza sauti. Na mwenye ndoa akubaliane na mwenzake mapema. Paulo aliliandikia kanisa la Korintho wazi kwamba wanandoa wasinyimane unyumba ila kwa kupatana, tena kwa muda.

Kuhusu afya nitasema bila kuzunguka. Dawa hazifungi. Mwenye kisukari anayetumia vidonge vya kushusha sukari au insulini, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa zinazotaka chakula, azungumze na daktari kwanza. Akiambiwa hapana, aache televisheni au mitandao siku hiyo na aombe kwa muda uleule. Danieli kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai tu, na malaika alimfikia. Maji kunywa; mfungo mkavu wa malkia Esta, usio na chakula wala maji, ulikuwa wa taifa linalokabiliwa na kuangamizwa, haukuwa ratiba ya kila wiki kwenye joto la Dar. Kichwa kikiuma mchana, mara nyingi ni mwili tu unadai chai uliyoizoea, kwa hiyo anza kuipunguza tangu Jumatatu.

Na yeyote anayekukataza kuvunja mfungo, mkimbie. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Mtumishi wa Mungu mwenye nia njema hatakasirika ukimwambia umezidiwa na umekunywa uji.

Kuna wanaofunga kama wafungwa waliogomea chakula, wakisubiri Mungu akubali masharti. Daudi alifunga siku saba akilala chini kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto akafa. Akainuka, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, ndipo akaomba chakula. Watumishi wake walishangaa. Mimi hadithi hiyo nimeihitaji zaidi ya mara moja, kwa sababu katika kaunta buku langu zipo kurasa za kulia zilizo tupu mpaka leo, na nyingine zina habari ya msiba.

Jioni usilipize kisasi kwa sahani. Baada ya siku moja maji, matunda au uji kidogo vinatosha kuanzia, kisha kula kama kawaida. Mfungo wa siku nyingi unahitaji kurudi kwenye chakula taratibu zaidi, siku kadhaa za vyakula laini. Chipsi na nyama choma zisubiri. Kama hujawahi kufunga, Jumatano hii acha chakula cha mchana peke yake na utafute mahali pa kukaa saa hiyo nzima ukiwa na daftari na kalamu.